Washauri wa Shemwindo

Hadithi ya Mwindo ya Wanyanga, ile Biebuyck na Kahombo Mateene waliandika mwaka 1956 kutoka kinywa cha Candi Rureke na kuichapisha mwaka 1969, sisi walimu tunaifundisha kama habari ya shujaa. Ni kweli, lakini mwanzo wake ni habari ya nyumba iliyopata mtoto bila kuwa na mtu wa kutegemea.

Ndugu wasomaji, angalieni. Shemwindo, mwami wa Tubondo, anakusanya wakubwa na washauri wake, halafu anatangaza ati wake zake saba wazae wasichana tu. Mvulana akizaliwa, kifo. Hakuna mshauri anayesimama kusema: Mwami, hapana. Siku Mwindo anazaliwa, kati ya wakunga kuna wenye kutaka kuficha habari, lakini nyenje anatoka mule ndani na kupeleka siri kwa baba. Mtoto anazikwa mzima, kisha anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa majini. Mwenye kumpokea ni shangazi yake, Iyangura.

Kinachonigusa zaidi kiko karibu na mwisho. Iyangura anasimama barazani kumlaumu ndugu yake, na washauri pia anawalaumu. Hapo msimulizi ameona mbali: kunyamaza kwao anakuhesabu kama kosa.

Kasoro iko kwa mama. Kisha kuzaa, Nyamwindo karibu hatumsikii tena. Nani alimpikia uji? Nani alikesha naye? Hadithi inakimbilia vita.

Leo mama kijana wa Bukavu ao Goma hakosi washauri, anao wengi kupita kiasi. Mama wa jirani anasema mpe maji, mtoto ana kiu. Mama mkwe anataka kuweka majani ku kitovu. Mganga wa maternite anasema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, na kitovu kikae kisafi, kikavu. Juu ya mambo haya mganga ndiye ana haki, tusibishane. Lakini mganga haji nyumbani saa nane ya usiku mtoto akilia na mama akilia pia. Kazi ile ilikuwa ya shangazi, na shangazi wengi wamebaki kijijini ao vita imewapeleka mbali.

Kama bado unaye, umwite mapema, mbele ya kuzaa. Na siku ya kupima watoto aende pamoja na mama, asikie yeye mwenyewe yale mganga anasema.