Jina la Mkama Ndume

Kusini-mashariki ya Chake Chake, katika kisiwa cha Pemba, pana boma la kale la Pujini, lililozungukwa na tuta la udongo. Wataalamu wa mambo ya kale hulinasibisha na karne ya 15. Ndani yake mna kisima, mabaki ya kuta, na chumba kilichochimbwa chini ya ardhi. Mtu ajaye kutafuta sanamu ya shujaa, au kibao cha majina ya waliokufa, ataondoka mikono mitupu. Walakini boma hili ni ukumbusho wa nguvu na jeuri, na sehemu yake iliyo bora si udongo wala mawe, bali ni jina.

Mwenye boma, kwa masimulizi ya wenyeji, alikuwa diwani aliyeitwa Muhammad bin Abdulrahman. Jina hilo limebaki zaidi vitabuni. Vinywani limebaki lakabu: Mkama Ndume. Lakabu hii yastahili kutazamwa kwa makini kama utazamwavyo ubeti. Kukama ni kazi ya upole. Hufanyiwa mnyama jike aliyezaa, naye hutoa kwa kuwa anacho cha kutoa. Ndume hana maziwa. Basi amkamaye ndume hutafuta kisichokuwapo, na atakachopata ni jasho, na baada ya jasho, damu. Maneno mawili yamebeba shtaka zima. Masimulizi huongeza kwamba watu walilazimishwa kuchukua mawe vichwani huku wakijikokota kwa matako. Pengine hapo msimulizi ametia chumvi; lakini lakabu yenyewe haielekei kuwa imetungwa na diwani au na msifu wake. Ina sauti ya aliyekamwa.

Yafaa kuilinganisha na maandishi ya ukumbusho wa vita ujulikanao mno katika pwani hii, ule wa Askari, mjini Dar es Salaam. Ulizinduliwa mwaka 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Katika sanamu ile ya kwanza Mwafrika alikuwako pia, ila chini, miguuni pa bwana wake. Katika hii ya pili, kazi ya James Alexander Stevenson, askari amesimama juu peke yake, na singe yake yaelekea bandarini. Hayo ni maendeleo, wala si haki kuyabeza.

Maandishi yake ndiyo yenye walakini. Kiingereza chake hunasibishwa na Rudyard Kipling, na Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi. Wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 wanaitwa humo miguu na mikono ya jeshi. Istiari hii yapendeza mpaka ifikiriwe. Miguu na mikono haina jina. Mwenye jina ni yule ambaye viungo hivyo ni vyake. Kisha maandishi yaahidi kwamba mtu afaye kwa ajili ya nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake, na ahadi hiyo imechongwa juu ya jiwe lisilo na jina hata moja la mpagazi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wafikao 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Wapagazi hao walijiachia ukumbusho mwingine. Palipokuwa kambi yao, Carrier Corps kwa Kiingereza, watu waliligeuza jina likawa Kariakoo, na Nairobi nako likawa Kariokor. Hapana aliyelipia, wala hapana gavana aliyelifunulia pazia. Lakini tofauti na jina la Pujini ni kubwa. Kariakoo hutaja kazi na kunyamaza. Mkama Ndume hutaja kazi na kuihukumu. Kwa kipimo cha fasihi, hili la pili limezidi mbali.

Kwa hiyo walinzi wa urithi wa Pemba wana mzigo wa namna mbili. Tuta hulindwa na mvua, mizizi na majembe, na kazi hiyo hujulikana jinsi ifanywavyo. Neno ni gumu zaidi. Vijana wengi wa mijini husema kukamua, wala kukama hawakusikii; kwao Mkama Ndume ni jina la mtu tu, kama Hamadi au Faki. Mwenye kununua kitambaa Kariakoo naye hasikii tena mpagazi wala mzigo. Vibao vya Pujini, na vitabu vya shule vitakavyolitaja boma, vikieleza urefu wa kuta na umri wake bila kueleza kukama ni nini na ndume ni nani, mgeni atakuwa ameonyeshwa nyumba ya diwani, na waliochukua mawe watakuwa wamenyang'anywa neno lao.