Bingwa Atungapo Ardhi

Mhakiki wa Kiswahili amezoea kukaa na kitabu mbele yake. Husoma shairi akalipima kwa vina, mizani na maana. Husoma hadithi akaipima kwa watu wake na matendo yao. Katika insha hii nakusudia kuutumia mzani huo huo kupimia kitu kisichoandikwa kwa wino, nacho ni uwanja wa gofu uliobuniwa na mtu aliyepata kuwa bingwa wa mchezo huo. Viwanja vya namna hiyo vimetapakaa ulimwenguni, na sifa itangulizwayo mbele ya sifa zote, kila vinapotajwa, ni mandhari. Maadamu mandhari ilikuwa mali ya fasihi kabla ya kuwa mali ya utalii, mwanafunzi wa fasihi ana haki ya kuuliza: mandhari hiyo inafanya kazi gani? Imo ndani ya utungo, ama imebandikwa juu yake?

Swali hili lina uzito kwa sisi tulio katika ufuko wa Ziwa Viktoria. Mwanza imejaliwa majabali yaliyopandiana, maji yasiyoonekana mwisho, na machweo ambayo mgeni hawezi kuyapita bila ya kusimama. Katika viwanja nitakavyovitaja hapa hakuna hata kimoja kilichoko Mwanza. Hata hivyo ardhi yenye uzuri wa namna hii haikosi mposaji, na apaswaye kuozesha yafaa ajue kupima maneno ya mposaji kabla hajatoa jibu.

Tuanze na neno lenyewe. Mandhari limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni kutazama. Maana yake ni kitu kitazamwacho. Kwa hiyo ndani ya neno hili mna mtazamaji aliyejificha, na baina yake na kitu chake mna nafasi. Mwezi Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alisimama katika vilima vya Mwanza, akalitazama ziwa, akalipa jina la malkia wake. Hakuwa amelivuka wala kulizunguka. Alikuwa amelitazama tu. Waganda walikuwa wakiliita Nalubaale, na watu wa upande huu walikuwa wakilijua kwa majina yao, kwa pepo zake na kwa samaki wake. Tangu hapo kumekuwa na namna mbili za kulisema ziwa hili: namna ya aliyelitazama na namna ya aliyeingia ndani yake. Vipeperushi vya viwanja vya gofu aghalabu hufuata namna ya kwanza. Mlima uko kushoto, maji yako kulia, mbingu ni samawati, na mtu hayumo.

Lakini itakuwa dhuluma kuuhukumu uwanja kwa maneno ya kipeperushi chake, kama vile ilivyo dhuluma kulihukumu shairi kwa maneno ya mwenye duka la vitabu. Uwanja wa gofu ulio kamili una mashimo 18 yanayofuatana kwa taratibu, mfano wa beti za utenzi. Kila shimo huleta swali. Mchezaji husimama na fimbo yake, akaona mchanga kushoto, kijito kulia, na mwinuko unaolificha shimo. Kisha hana budi kuchagua. Akipita njia fupi atajihatarisha. Akipita njia ndefu atapoteza mkwaju. Mbunifu ndiye mtunzi, mchezaji ndiye msomaji, na usomaji wenyewe ni wa miguu na mikono. Ikiwa ni hivyo, ziwa lililo pembeni mwa uwanja laweza kuwa mojawapo ya mambo mawili. Laweza kuwa pambo, likatazamwa na kusahauliwa. Ama laweza kuwa sehemu ya swali, mchezaji asiweze kupiga mpira bila ya kuuhesabu upepo utokao majini. Hicho ndicho kigezo cha kwanza. Nacho ndicho tutumiacho katika hadithi tunapouliza kama maelezo ya mvua yana kazi yoyote, ama yanajaza ukurasa.

Kwa nini basi kazi hii ipewe bingwa? Mfano wa kale ni Tom Morris wa Scotland, aliyeshinda mashindano ya wazi ya Uingereza katika miaka ya 1861, 1862, 1864 na 1867, na ambaye alikuwa pia mtunzaji wa uwanja wa St Andrews na mpangaji wa viwanja vingi vya pwani. Katika zama zake hapakuwa na mashine za kusawazisha vilima. Alipita kwa miguu juu ya vichuguu vya mchanga, akasoma ardhi ilivyolala, akaonyesha mahali pa kuanzia na mahali pa shimo. Ubingwa ulimfaa kwa jambo moja: aliijua hofu ya mchezaji, na kwa hiyo aliona swali mahali ambapo mwingine angeliona nyasi. Hakuumba mandhari, aliisikiliza. Malenga wa zamani walifanya vivyo hivyo kwa lugha waliyoikuta.

Kipawa hicho kina ila yake. Jack Nicklaus wa Marekani, aliyeshinda mashindano makubwa mara 18, alibuni viwanja katika nchi nyingi. Wahakiki wa mchezo walimwambia, hasa juu ya kazi zake za mwanzo, kwamba mashimo yake yaliupendelea mpira upaao juu na kuteremka ukielekea kulia, yaani mpira wake yeye mwenyewe. Ila hii sisi twaijua. Mshairi hodari akitunga kwa msamiati anaoujua peke yake, wasomaji humstaajabia wasimfuate. Bingwa abuniye uwanja yumo hatarini kuandika wasifu wake juu ya ardhi ya watu. Dawa mojawapo ni ushirika. Bobby Jones, aliyetwaa mashindano makubwa manne ya wakati wake katika mwaka mmoja wa 1930, alipotaka kuujenga uwanja wa Augusta huko Georgia, alimwita Alister MacKenzie, aliyesomea udaktari na ambaye hakuwa bingwa wa gofu. Mmoja alileta mkono wa mchezaji, mwingine jicho la mpangaji wa ardhi, na uwanja ukatoka na njia pana zinazompokea mnyonge huku zikimtesa hodari.

Augusta hiyo hiyo yatufundisha kigezo cha pili, ambacho wasifu wa mandhari hukikwepa: ni nani aliyefutwa ili picha ipendeze? Uwanja ulijengwa mahali palipokuwa kitalu cha miche, na kila shimo lina jina la mti au ua. Mashindano yake yalianza mwaka 1934, lakini mchezaji mweusi wa kwanza, Lee Elder, aliingia mwaka 1975, na mwanachama mweusi wa kwanza alipokewa mwaka 1990. Hata mwaka 1982 wabeba fimbo wa mashindano hayo walikuwa ni watu weusi wa klabu. Maua yalitajwa kwa majina yote, watu walisubiri.

Katika Afrika jina kubwa la bingwa aliyegeuka mbunifu ni Gary Player wa Afrika ya Kusini, mshindi wa mashindano makubwa tisa kati ya 1959 na 1978. Kazi yake iliyosifiwa kuliko nyingi iko Sun City, mahali palipofunguliwa mwaka 1979 ndani ya Bophuthatswana, nchi ya bandia iliyoundwa na serikali ya ubaguzi na kukataliwa na Umoja wa Mataifa. Nyasi zilikuwa kijani, vilima vilikuwa vya kweli, na uongo ulikuwa katika mpaka uliozunguka vyote hivyo. Ndiyo maana mwaka 1985 wanamuziki wengi wa dunia waliungana kutangaza kwamba hawatapiga muziki mahali hapo. Baadaye, mwaka 1993, palifunguliwa hapo uwanja wa pili, na katika shimo lake la 13 mna bwawa la mamba. Watazamaji hulisifu bwawa hilo sana. Kwa mzani wetu ni kishazi cha kushangaza tu: mpira utumbukiao humo umepotea, kama ambavyo ungepotea katika bwawa lisilo na mamba. Mamba hao hawabadili swali la mchezaji. Hubadili picha yake. Mkazi wa ufuko wa ziwa letu, ambaye mamba kwake ni habari ya mtoto aliyekwenda kuteka maji, ataiona tofauti hiyo upesi kuliko mhakiki yeyote.

Kampuni ya Player ilibuni pia uwanja mpya wa Kigali, uliofunguliwa mwaka 2021. Huo unatuhusu kwa njia ya maji. Mabonde ya Kigali humwaga maji yake katika Nyabarongo, Nyabarongo huingia Kagera, na Kagera huingia katika Ziwa Viktoria. Mbolea ya nyasi popote katika bonde hili, ikiwa haitunzwi, safari yake huishia kwetu, katika ziwa ambalo tangu miaka ya 1990 limesumbuka na magugu maji. Mandhari, basi, haina mpaka pale macho yanapokoma.

Kwa Afrika ya Mashariki mfano ulio karibu zaidi ni David Jones wa Ireland ya Kaskazini, aliyeshinda mashindano ya wazi ya Kenya mwaka 1989. Huyu alirudi kubuni viwanja viwili vinavyostahili kusomwa pamoja: wa kwanza karibu na Usa River, baina ya Meru na Kilimanjaro, wa pili Vipingo, katika kaunti ya Kilifi, juu ya mwinuko uangaliao Bahari ya Hindi. Wa Usa River una milima miwili mikubwa, na milima mikubwa ni mtihani kwa mtunzi: iko mbali mno kuwa sehemu ya swali, na haifichiki. Hapo mandhari hubaki usuli, kama sauti ya ngoma itokayo kijiji cha pili. Wa Vipingo naona umefaulu zaidi. Umeitwa kwa jina la mbuyu, na mibuyu yenyewe imo ndani, mizito, isiyosogezwa. Upepo wa bahari nao huingia katika hesabu ya kila mkwaju. Hapo mahali pamesema. Lakini ardhi hiyo ilikuwa shamba la mkonge, na mkonge katika pwani yetu ni historia ya mikono iliyochubuka na mishahara midogo. Mbuyu umepewa jina, mkata mkonge hakupewa. Utungo ni mzuri, na una ukurasa uliochanwa.

Msomaji atauliza: je, yawezekana kuisema ardhi pasipo kumfuta mtu? Jibu liko hapa hapa ziwani. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Kitabu kimejaa miti, wanyama, migomba, maji na njia. Lakini ni nadra kuikuta nchi hiyo ikitazamwa tu. Mgomba umo kwa sababu Myombekere ametakiwa kupeleka pombe ya ndizi kwa wakwe zake ili arudishiwe mkewe. Njia imo kwa sababu yuko mtu anayeipita na haja yake moyoni. Mti umo kwa sababu ni dawa. Kila kitu cha nchi kinamwuliza mtu jambo. Hii ndiyo sifa niliyoitafuta kwa bingwa wa gofu, na Kitereza anayo kwa ukamilifu zaidi, maana kwake aulizwaye ni jamii nzima, wala si mchezaji peke yake.

Kwa vigezo hivyo turudi Mwanza. Mtu akipanda Capri Point jioni ataona majabali na maji, naye hatakosea kusema ni mandhari. Lakini Mwaloni wa Kirumba, kwa mchuuzi wa dagaa, ni mizani, gunia na bei ya asubuhi. Jiwe la Bismarck, ambalo kila mgeni hulipiga picha, kwa mwenye mtumbwi ni alama ya kumwonyesha kuwa amefika. Atakayetunga ardhi hii, awe bingwa au asiwe, akiyaondoa hayo ili abaki na mawe na machweo, atakuwa ameandika kipeperushi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye maji kuwa mahali pasipofanywa shughuli ya kudumu. Sheria hiyo yaweza kulinda udongo na maji. Haiwezi peke yake kulinda njia ya mvuvi, wala jina la mahali.

Wako watakaosema kwamba uwanja huleta ajira na wageni, na kwamba maskini hali mandhari. Hoja hiyo ni ya kweli, wala haifai kudharauliwa. Lakini haiamui aina ya uwanja. St Andrews yenyewe, aliyoitunza Tom Morris, ni ardhi ambayo haki ya wenyeji kuitumia kwa michezo yao ilithibitishwa kwa hati mwaka 1552, na hata leo kwa desturi mchezo husimama siku ya Jumapili katika uwanja wa kale, watu wa mji wakatembea juu yake na watoto wao. Uwanja ulio mashuhuri kuliko vyote duniani haukudhurika kwa kuwa na wenyewe. Mgeni alipa ada yake, mwenyeji apita. Wenye kutuletea michoro mizuri ya ufuko uliofungwa kwa ua waulizwe kwa nini wameiga nyasi za huko wakaiacha hati.

Nawausia wanafunzi jambo moja la kazi. Wapatapo maelezo ya Kiswahili yanayolisifu ziwa, katika riwaya, katika gazeti au katika tangazo la ardhi, wayasome kwa maswali haya mawili: kitu hiki cha nchi kina kazi gani, na ni nani aliyekuwa hapa ambaye sentensi imemwacha nje? Tumewaachia wapima ardhi na wenye hoteli neno mandhari kwa muda mrefu, nao wamelitumia watakavyo. Ni neno letu, na siku itakapotandazwa mezani ramani ya ufuko wa Mwanza, mwenye kujua kulisoma awe miongoni mwa walioitwa.