Pambano Si Kipimo: Namna ya Kuyatambua Makutano Mazuri ya Mashujaa

Mwaka 1996 kampuni za Marvel na DC ziliwakutanisha mashujaa wao katika mfululizo mmoja wa katuni, na mapambano matano makubwa yakaachwa mikononi mwa wasomaji: pigeni kura, mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Storm wa X-Men akamwangusha Wonder Woman. Wolverine akamshinda Lobo, kiumbe ambaye kwa nguvu alizopewa anaweza kusimama na Superman wakapigana. Ushindi huo ulichorwaje? Wawili hao wakatumbukia nyuma ya kaunta ya baa, na baadaye tukamwona Wolverine akiinuka peke yake. Anayetaka kujifunza kupima makutano ya mashujaa aanzie kwenye kaunta ile. Pambano halikuonekana kwa sababu hapakuwa na hadithi ya kuonyesha. Kura hutwambia nani anapendwa, lakini haituelezi wawili hawa wamekutana kwa ajili ya nini.

Swali la nani atamshinda nani lina raha yake, na mabishano ya kijiweni hayanogi bila hilo. Kama kipimo cha kazi, halifai. Mimi hutazama kwanza kama kila shujaa ameingia na sheria zake: nguvu alizonazo, udhaifu alionao, na jambo ambalo hatalifanya hata akilazimishwa. Mwandishi mvivu huzilegeza sheria hizo ili pambano lipate kuwa sawa. Mwandishi hodari huzishika, kisha anatafuta njia.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 1976, Superman alipokutana na Spider-Man katika kitabu kikubwa cha ukubwa wa gazeti, kilichoandikwa na Gerry Conway na kuchorwa na Ross Andru. Tatizo la mwandishi na mchoraji lilikuwa wazi: Superman anaweza kummaliza kijana yule kwa kidole. Wakamtumia Lex Luthor, adui wa Superman, anayemmiminia Spider-Man mionzi ya jua jekundu, jua lile lile linalomnyima Superman nguvu zake. Kwa muda mfupi Spider-Man anapiga na Superman anayumba. Hapo msomaji apunguze mwendo aangalie vizuri. Superman amekwisha kurusha ngumi, na anaizuia kabla haijafika. Upepo wake peke yake unamzoa Spider-Man na kumtupa mbali. Kwa visanduku vichache tumeuona ukubwa wa nguvu za mmoja, udogo wa mwenzake, na tabia ya yule mkubwa, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Hesabu hiyo hiyo iko katika kitabu cha 1978 ambamo Superman anapigana na Muhammad Ali. Wengi husikia habari zake wakadhani ni mzaha, na wanajinyima. Neal Adams alikichora kwa heshima yote. Ngumi zinapigwa chini ya jua jekundu, Superman hana nguvu, na Ali, bingwa aliyemwangusha Foreman kule Kinshasa mwaka 1974, anampa kipigo mpaka uso unaharibika. Ali anashinda, na ilikuwa haki ashinde, kwa kuwa ulingo ni nyumbani kwake. Lakini Superman, hata bila nguvu, anakataa kuanguka. Kila mmoja ametoka na kilicho chake.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sijapata kipimo bora zaidi cha makutano. Je, mgeni amemletea mwenyeji kitu ambacho asingekipata kwake? Katika JLA/Avengers, kazi ya Kurt Busiek na George Pérez iliyotoka 2003 hadi 2004, makundi mawili yanatembeleana, kila moja katika ulimwengu wa mwenzake. Captain America anafika kwa akina Superman, anaona mashujaa wanatukuzwa, wamejengewa majumba ya kumbukumbu, anaingiwa na shaka kwamba watu hawa wamejifanya watawala. Superman anafika kwa Avengers, anaona shida zilizojaa huko, anawauliza moyoni: mlikuwa wapi? Wote wawili wanakosea, na wote wawili wana hoja. Hilo ndilo linalonifanya nikithamini kitabu hicho kuliko vingine vyote vya aina yake, hata kabla sijaitazama michoro ya Pérez. Alianza kuyachora makutano hayo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni zikakosana, kurasa zikabaki. Aliporudi miaka ishirini baadaye alichora kila aliyewahi kuwa mwanachama wa kundi lolote kati ya hayo mawili, na katika umati ule kila sura inatambulika.

Mkono wa mchoraji nao una mengi ya kusema, ingawa wapimaji wengi huupita haraka. Mwaka 1994 Punisher, muuaji wa wahalifu, alikutana na Archie, kijana wa shule wa vichekesho. John Buscema akamchora Punisher, Stan Goldberg akamchora Archie, kila mmoja kwa mtindo wake, ndani ya kisanduku kimoja. Ungedhani kitu hicho hakiwezi kusimama, kumbe kinasimama barabara, kwa sababu hakuna aliyelainishwa ili afanane na mwenzake. Ukiona makutano ambayo mashujaa wote wana taya moja, mabega mamoja na hasira moja, kirudishe kitabu rafuni.

Tukija kwenye filamu, uaminifu kwa kitabu ni kipimo kidogo. Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018 iliutendea haki mchoro kuliko filamu yoyote niliyoiona. Spider-Man Noir ni mweusi na mweupe, Peni Parker amechorwa kwa mtindo wa Kijapani, Spider-Ham ni katuni ya watoto, na wote wanasimama chumba kimoja. Itazame tena sehemu ya msituni, Miles, Spider-Man mpya, anapojifunza kubembea kwa utando nyuma ya Peter, Spider-Man mzoefu. Peter anasogea kwa picha 24 kwa sekunde. Miles anasogea kwa 12, anakatika-katika kama mtu asiyejua hatua. Kadiri anavyoelewa, mwendo wake unalainika mpaka wanakwenda pamoja. Mtazamaji halazimiki kulijua hilo ili alihisi, na hakuna kitabu kingeweza kulifanya.

Nguvu nyingine ya filamu ni kwamba mwigizaji huzeeka na kumbukumbu zetu. Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, alikufa kwenye katuni mwaka 1973, katika hadithi iliyoandikwa na Conway yule yule. Andrew Garfield, akiigiza Spider-Man, akampoteza kwenye filamu ya 2014. Katika No Way Home ya 2021, akiwa mgeni katika hadithi ya mwenzake, anamrukia MJ, mpenzi wa mwenzake huyo, anayeanguka na kumdaka salama. Tazama uso wake miguu inapogusa ardhi. Filamu hiyo ina mambo mengi ya kuwafurahisha mashabiki tu, lakini sekunde zile chache zinatimiza kila ninachodai: mgeni ameokoa na yeye mwenyewe ameponywa.

Filamu njema pia hujua kupunguza. Civil War ya katuni, 2006 hadi 2007, ilijaza mashujaa wasiohesabika. Filamu ya 2016 ikawachukua 12, ikawapigisha uwanja wa ndege, ambapo Black Widow na Hawkeye wanaulizana kama bado ni marafiki huku wakitwangana, kisha ikawapunguza hadi watatu ndani ya ngome ya Siberia, na ugomvi ukawa juu ya wazazi wa mtu mmoja. Batman v Superman ya mwaka huo huo ilifanya kinyume. Ilichukua pambano kutoka kitabu cha Frank Miller cha 1986, ambacho uchungu wake wote unatokana na urafiki wa miaka mingi kati ya wazee wawili, ikawapa watu wasiojuana. Picha zilifanana na kitabu, uchungu ukabaki kitabuni.

Vipimo hivi vinafaa hata kwa makutano ambayo bado yamo vichwani mwetu, na huko ndiko ladha inakonolewa. Mimi nawawaza Batman na Black Panther. Wote ni matajiri, wote baba zao waliuawa. T'Challa, yaani Black Panther, tangu alipotokea mwaka 1966, ni mfalme: analolifanya usiku atalijibia mchana mbele ya watu wake. Bruce Wayne, yaani Batman, hajibu kwa mtu yeyote. Mlete T'Challa Gotham, jiji la Batman, akimfuatia mwizi wa vibranium, madini ya nchi yake, aone jiji zima likiteseka chini ya macho ya mtu mwenye fedha za kulibadilisha, na amwulize kwa nini amechagua barakoa badala ya ofisi. Kisha mpeleke Batman Wakanda, nchi ya T'Challa, ambako hakuna wa kumtishia gizani, awaulize raia nani aliyewachagulia mfalme. Kama ni filamu, nisingetaka wapigane zaidi ya mara moja, na pigano hilo lisimame pale mmoja anapogundua kwamba mwenzake naye anampiga kwa kujizuia.