Kushinda Neno Bila Kulijua

Wordle ina siri moja ambayo sisi wachezaji wake hatupendi kuisema: unaweza kushinda leo, kesho na keshokutwa bila kujua maana ya neno ulilolishinda. Mchezo haukuulizi. Vimraba vikishageuka kijani vyote vitano, umepongezwa, umeshatuma matokeo kwenye kundi la WhatsApp, basi. Neno lenyewe limebaki pale pale, halina mwenyewe.

Nauchukulia mchezo huu kama ninavyochukulia kitabu, kwa sababu watu wengi ninaowafahamu husoma Wordle kila asubuhi kabla hawajasoma kitu kingine chochote. Kinachosomwa na wengi kila siku kinastahili mhakiki.

Kwa asiyeujua: kuna neno moja la Kiingereza lenye herufi tano, na una nafasi sita za kulibahatisha. Herufi iliyo mahali pake huwa kijani, iliyomo lakini imekosa mahali huwa njano, isiyokuwemo huwa kijivu. Aliyeutunga ni Josh Wardle, mhandisi wa programu, na aliutunga kwa ajili ya mwenzake, Palak Shah, aliyependa michezo ya maneno. Tarehe 1 Novemba 2021 ulikuwa na wachezaji 90. Miezi miwili baadaye walikuwa zaidi ya 300,000, na Januari 2022 haijaisha, New York Times wakaununua.

Sifa zake nazikubali bila kusukumwa. Neno ni moja tu kwa siku, na wote tunapewa lile lile. Neno la siku huwezi kulifakamia hadi usiku wa manane kama michezo mingine ya simu. Na vile vimraba vya rangi hukuwezesha kujisifu bila kumharibia mwenzako uhondo. Una adabu ya barazani: kila mtu anapata zamu yake, hakuna anayepokonya.

Tatizo linaanza pale unapouliza haya maneno kayachagua nani. Maneno ya Kiingereza yenye herufi tano aliyokuwa nayo Wardle yalikuwa kama 12,000. Shah ndiye aliyeyapitia na kuyapunguza hadi kama 2,300, kwa kigezo cha kawaida kabisa: analijua au halijui. Kwa zawadi ya nyumbani hilo ni sawa. Lakini dunia nzima ikaishia kucheza ndani ya msamiati wa mtu mmoja anayeishi Marekani. Januari 2022 jibu lilipokuwa FAVOR, Waingereza walikasirika kwa tahajia tu. Mei 5 mwaka huo jibu likawa HOMER, neno la mitaani la Kimarekani kwa pigo fulani la mchezo wa besiboli. Siku hiyo moja neno hilo lilitafutwa zaidi ya mara 65,000 kwenye tovuti ya kamusi ya Cambridge, wengi wa watafutaji wakiwa nje ya Amerika Kaskazini. Mwisho wa mwaka Cambridge wakalitangaza kuwa neno lao la mwaka 2022.

Wengine wanaona kisa hicho ni ushindi wa kamusi. Mimi nakiona kwa jicho jingine. Watu hawakufungua kamusi kwa sababu mchezo uliwataka wafungue. Walifungua kwa hasira, wakidhani wameibiwa. Maneno mengine mengi ya mwaka huo yalipita bila kelele kama hizo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni CAULK, jibu la siku moja ya Februari 2022, ambalo nalo lililalamikiwa sana kuwa ni gumu. Ni kuziba nyufa zisipitishe maji. Mswahili anayelikuta kwa Kiingereza ataliona geni, wakati kwetu neno lipo na lina watu wake: kalafati. Fundi wa majahazi Nungwi au Bagamoyo huchukua pamba, huichovya mafuta, kisha huishindilia kati ya mbao kwa tindo na nyundo hadi chombo kiwe hakivuji. Huko ndiko kukalafati. Aliyeishia kwenye kijani chake siku ile alipata pointi tu. Aliyekwenda hatua moja zaidi alipata jahazi zima.

Hebu tujaribu mchezo huu kwa Kiswahili, kwa kalamu na karatasi. Tuseme umeshapata herufi nne za mwisho: -ANGA. Ya kwanza ni ipi? Panga, kanga, tanga, nanga, ganga, janga, wanga, manga. Manane hayo, na nafasi ulizobakiwa nazo hazifiki sita. Mjanja atafanya nini? Ataandika MKATE, ili apime M, K na T kwa mkupuo mmoja. Ni mbinu halali na nzuri. Lakini tazama kilichotokea: mkate si chakula tena, ni chambo cha konsonanti. Na kanga, ambayo ni vazi na ni ndege, imehesabiwa mara moja. Panga la kukatia, kupanga nyumba na kupanga foleni, yote ni kitu kimoja. Mchezo wa herufi ukifika hapo hauna la kukuambia. Dokezo moja tu la maana, mathalani “hushika upepo”, lingemaliza kazi.

Ndiyo maana bado nalitetea fumbo la maneno la magazetini, lile la mraba wenye vidokezo vya kulia na vya chini. Tangu Arthur Wynne achapishe lake la kwanza katika New York World, Desemba 21, 1913, utaratibu ni ule ule: unaanza na maana, unaishia kwenye herufi. “Ziba nyufa za chombo, herufi nane.” Hapo hupiti bila kujua kukalafati ni nini. Na kabla ya gazeti kulikuwa na kitendawili. “Nyumba yangu haina mlango.” Hakuna anayehesabu kwamba yai lina herufi tatu, unatakiwa ulione yai kwa jicho jipya.

Mtu ataniambia huu ni mchezo tu, niache watu wapumue. Ningeacha, kama kushinda bila kuelewa lingekuwa jambo la mchezo peke yake. Tunalifahamu vizuri mno. Mwanafunzi wa sekondari anayekariri fasili kwa Kiingereza, akaiandika kwenye mtihani neno kwa neno na kupata alama zote, amefanya kile kile: umbo kalipata, maana imempita. Na katika kazi yangu ya uandishi wa habari naliona kila wiki. “Athari” inaandikwa pale panapotakiwa “madhara”, kana kwamba athari haiwezi kuwa njema. “Janga” linabandikwa hata kwa timu iliyofungwa mabao matatu. Siku janga la kweli likija, neno limeshachoka.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: Wordle ni nusu ya mchezo mzuri. Nusu ya pili tuijazie wenyewe. Ukishapata neno la siku, usifunge simu. Fungua kamusi, soma maana, tafuta jina lake kwa Kiswahili, kisha litungie sentensi moja ambayo ungeweza kumwambia mtu akakuelewa. Ni kazi ya dakika tano. Ukikosa neno la Kiswahili, uliza wenye fani. Kamusi zetu haziwezi kuwa na kila kitu, na mafundi wanajua mengi.

Nami nawaachia moja. Herufi tano: siagi iliyochemshwa, kwenye pilau ya harusi haina mpinzani. Ukishindwa, nipe mji.