Kebo Ina Njia Mbili

Anayechomeka kebo kutoka spika ya gitaa hadi kwenye miksa huona njia moja: sauti inatoka huku, inaingia kule. Fundi mitambo mzuri huona mbili. Sauti inakwenda miksa, kweli, lakini ndani ya nyaya zile zile miksa nayo huenda inasukuma volti 48 za umeme mnyoofu kurudi kwenye spika. Umeme huo hauvumi wala haukwaruzi. Mpiga gitaa hausikii, mwimbaji hausikii, na wanaocheza ukumbini hawana habari nao. Anayeujua ni yule aliyeinama nyuma ya spika na tochi mkononi, akisoma maandishi madogo kando ya tundu kabla hajachomeka kitu. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Umeme wenyewe unaitwa fantomu, na hauna kosa. Kazi yake ni kulisha maiki za kondensa, ambazo zina saketi ndogo ndani yake. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Berlin ilitengeneza maiki ya KM 84 iliyolishwa kwa njia hii, kwa ajili ya shirika la utangazaji la Norway. Studio za huko tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 kwa taa za akiba, basi namba hiyo ikabaki mpaka leo. Mpango wake ni wa akili sana. Ndani ya miksa umeme unapita kwenye rezista mbili zinazolingana, za omu 6,800 hivi kila moja. Katika tundu la maiki lenye pini tatu, moja inakwenda pini ya 2, nyingine pini ya 3, na marejeo ni pini ya 1. Kwa kuwa pini mbili za sauti zina volti sawasawa, maiki ya kawaida ya koili, ile anayoishika mwimbaji wa dansi, haioni tofauti yoyote kati yake, na haipitishi kitu.

Tatizo linaanza pale ambapo upande wa pili wa kebo hakuna maiki. Kwa miaka mingi mpiga solo alisimama mbele ya amplifaya yake, na sauti yake ikitakiwa kwenye miksa, maiki iliwekwa mbele ya spika. Siku hizi anakuja na kifaa cha kidijitali miguuni na spika yenye amplifaya ndani, na nyuma ya spika hiyo kuna tundu la kutolea sauti. Ni jambo jema. Wapenzi wa DDC Mlimani Park, bendi iliyoanza 1978, wanajua solo na rithimu zikijibizana ni raha ya namna gani, na kila gitaa likifika miksa likiwa safi, majibizano yale yanasikika vizuri zaidi. Lakini tundu lile ni la kutolea, halikuundwa kupokea. Na miksa ndogo, zile zinazobebwa kwenda harusini na kanisani, mara nyingi zina kitufe kimoja cha fantomu kwa chaneli zote. Kwaya inahitaji maiki za kondensa, kitufe kinawashwa, na gitaa lililo chaneli ya sita linapokea umeme ulioandaliwa kwa ajili ya kwaya.

Tuseme haki: rezista zile hubana mkondo usizidi miliampea 14 hivi hata pini zote mbili zikigusana na ya 1. Vifaa vingi huvumilia hapo. Madhara makubwa yako mahali pawili. La kwanza ni kapasita za kutolea sauti: katika vifaa vya bei ndogo mara nyingi ni za volti 16 au 25, tena zina upande chanya na hasi, na fantomu inazijia kwa volti 48, pengine kwa kinyume. La pili ni ile nukta ya kuchomeka. Kapasita za mlangoni mwa miksa zimekwisha kujaa volti 48, na plagi ikigusa zinajimwaga zote kwa mpigo. Kwa kitambo kifupi mno mkondo unaweza kufikia ampea nzima, kwa sababu mzigo huu haupiti kwenye rezista zile kubwa. Moshi hauonekani. Unasikia tu, siku nyingine kabisa, gitaa limepungua nguvu na sauti imechanika, na lawama anapewa mpigaji.

Dawa ninayoipenda kuliko zote ni transfoma. Koili mbili za waya mwembamba zimezungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma, wala hazigusani. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba koili ya pili huamka pale tu usumaku wa ya kwanza unapobadilika. Muziki ni mabadiliko matupu, kwa hiyo unavuka. Fantomu imetulia pale pale kwenye volti 48, kwa hiyo inakomea upande wa miksa. Hakuna swichi wala betri, hakuna programu ya kusasisha. Boksi la DI, lile la kuunganishia ala na miksa, likiwa na transfoma nzuri laweza kufanya kazi hiyo kwa miongo, na pamoja na hayo likatenganisha njia za ardhi na kuondoa ule mvumo wa hezi 50 unaotusumbua kumbini. Wapo wanaotibu mvumo huo kwa kukata waya wa eathi kwenye plagi ya umeme. Wasifanye hivyo, waya ule unalinda uhai wa mtu aliyeshika gitaa.

Pasipo na transfoma, kuna mikono yenye utaratibu. Fundi anashusha chaneli, anazima fantomu, anasubiri nusu dakika au zaidi kapasita ziishiwe, ndipo anachomeka au kuchomoa. Akiwa na shaka anaweka mita kati ya pini ya 1 na ya 2, kisha ya 1 na ya 3, kwa sababu kitufe kinaweza kudanganya na taa yake ikaungua. Au anatumia tundu la jeki la laini, ambalo kwenye miksa nyingi halipelekewi fantomu. Wenye ujuzi wa kulehemu hutengeneza kebo maalumu yenye kapasita za volti 63 katika pini ya 2 na ya 3, chanya ikielekea miksa, na wanaifunga utepe wa rangi isichanganywe na nyingine.

Hata hivyo, ufundi huu ulipaswa kuanzia kiwandani. Kapasita za kutosha, rezista mbili na diodi chache za kupeleka mzigo pembeni hazipandishi bei ya spika kiasi cha kumkimbiza mnunuzi. Wako watengenezaji wanaoziweka, nao huandika kwenye kijitabu kwamba tundu hilo linastahimili fantomu. Ukienda dukani, fungua kijitabu utafute sentensi hiyo kabla hujauliza spika ina wati ngapi.