Pembe ndiyo inayokata kamba

Tarehe 23 Novemba 1998, Dan Osman, mpanda miamba wa Marekani, aliruka kutoka jabali la Leaning Tower katika Hifadhi ya Yosemite, California, akiwa amejifunga kwenye mfumo wa kamba wenye urefu wa zaidi ya mita 300. Kamba ikakatika, akafa. Alikuwa amekwisha kuruka hivyo mara nyingi. Kamba zake zilikuwa zimekaa nje kwa wiki kadhaa, zikipigwa na mvua na theluji, kwa hiyo dhana ya haraka ilikuwa kwamba zilichakaa. Uchunguzi ulielekeza kwingine. Safari ile alikuwa amebadili mahali pa kurukia, na pembe mpya ikasababisha kamba moja kupita juu ya nyingine. Nailoni ikasugua nailoni kwa kasi, joto likapanda, kamba ikayeyuka na kuachia.

Kisa hicho kinamhusu kila anayeyatazama mawe ya Mwanza na kuwaza bembea. Ukitoka Pasiansi kuelekea Bwiru na Ziwa Victoria, majabali ya graniti yamepandana jiwe juu ya jiwe, na maji yako chini yake. Mahali panavutia, na swali la kwanza huwa lile lile: kamba hii inabeba kilo ngapi? Ni swali halali, ila linaulizwa mapema mno. Bembea ya mwamba huua zaidi kwa njia ambayo kamba inapita na mahali ambapo mwili unaishia kuliko kwa uzito. Anayenunua kamba nene kabla ya kuchora njia hiyo anatibu ugonjwa asioujua.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu wa kilo 70 akianza kubembea kamba ikiwa imenyooka na kulala sambamba na ardhi, anapopita chini kabisa kamba huvutwa kwa nguvu ya mara 3 ya uzito wake, kama kilo 210. Iwe na urefu wa mita 5 au 50, jibu ni hilo hilo. Akianzia nyuzi 60 kutoka wima, nguvu hiyo ni mara 2 tu. Kamba nzima ya kupandia miamba huubeba mzigo huo bila taabu. Kinachobadilika kwa urefu ni kasi: kwa kamba ya mita 10 iliyoanzia usawa, mtu hupita chini akienda karibu kilomita 50 kwa saa, mwendo wa gari mjini. Mwili unaokwenda hivyo haupaswi kukutana na kitu chochote. Machi 2013 huko Utah, Marekani, kijana mmoja alifariki akibembea chini ya tao la mawe liitwalo Corona Arch. Kamba yake haikukatika. Ilikuwa ndefu mno, akagonga ardhi.

Pasiansi ina tatizo la umbo. Ukifunga kamba juu ya jabali lile lile unalorukia, bembea itakupeleka ziwani kisha itakurudisha kwenye jabali hilo. Kwa kamba ya mita 10, kwenda na kurudi huchukua sekunde 6 au 7 hivi. Mahali pa kufungia panatakiwa pawe hewani, mbali na ukuta wa mwamba. Huko Jinja, Uganda, ambako Nile inaliacha ziwa hili hili, mnara wa kurukia kwa kamba ya mpira wenye urefu wa mita 44 ulijengwa ukiwa na mkono unaotokeza mbele juu ya mto. Jambo kubwa lililofanyika pale ni ule mkono.

Asiye na mnara atawaza kuvusha kamba kati ya majabali mawili na kuning'iniza bembea katikati. Wazo ni zuri, na hapo hapo pembe inarudi. Wengi huikaza kamba ya juu mpaka inyooke, kwa sababu iliyonyooka inaonekana imara. Ikibaki na mteremko wa nyuzi 10 tu kila upande, mzigo wa kilo 210 katikati unaivuta kila ncha kwa karibu kilo 600. Ikiachwa ilegee hadi nyuzi 30, kila ncha inavutwa kwa kilo 210 zile zile. Kulegea kule kunakoonekana kama uzembe ndiko kunakookoa fundo, na fundo lenyewe limekwisha kuipunguzia kamba sehemu ya nguvu zake.

Sogea karibu na jiwe lenyewe. Graniti ya Mwanza humomonyoka kwa kubanduka maganda, kama kitunguu. Ganda linaweza kuonekana ni mwamba mzima, kumbe nyuma yake pana uwazi. Ukiligonga kwa nyundo hujibu kwa sauti ya mtungi mtupu. Hapo hapafungwi kitu. Uso wake nao una chembe kali kama msasa, na kamba inayocheza juu yake inaliwa uzi kwa uzi kila mtu anapobembea. Kamba ya mitumbwini iitwayo manila, ambayo siku hizi ni ya plastiki ya polipropilini, huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 165 za sentigredi, mapema kuliko nailoni, na jua huidhoofisha. Turubai nene au mpira wa bomba uliofungwa kwenye ukingo una kazi kubwa kuliko milimita mbili za unene zilizoongezwa.

Kuna watakaosema kamba hizo huvuta mitumbwi iliyosheheni dagaa kila siku na hazikatiki. Ni kweli, lakini mtumbwi huvutwa taratibu, na kamba haisuguliwi mahali pamoja kwenye jiwe kavu. Wengine watasema tahadhari nyingi zinaua raha, na kwamba utamu uko katika kule kuanguka kabla kamba haijakaza. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu ndiyo aliyoiishi Osman. Lakini kamba ya bembea yenyewe ikilegea huleta mshtuko wa ghafla mwishoni, na kamba isiyonyumbuka huupeleka mshtuko huo moja kwa moja mgongoni. Raha ya bembea ni ule upinde mrefu: tumbo linapanda, maji yanapita chini, kisha kusimama kidogo hewani kabla ya kurudi. Upinde huo huwa mzuri zaidi kamba ikiwa imenyooka tangu mwanzo na ikipita bila kugusa kitu. Fundi anayeitafuta njia safi ya kamba anaitengeneza raha hiyo kwa mikono ile ile.

Wapo pia wanaosema chini ni maji tu, na watoto huruka kila siku. Aachiaye kamba mita 10 juu ya maji huyapiga kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, na mawe ya Mwanza hayakomi ufukweni. Yanaendelea chini ya maji yasikoonekana. Kina nacho hakitulii. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 likafikia tena kimo kile cha 1964. Kwa hiyo gunia la mchanga la kilo 100 linatangulia kubembea kabla ya mtu, na kamba ya kupimia kina inashushwa upya asubuhi ya kila siku ya bembea, hata kama ilishushwa juzi.