Vidole vya Tom Juu ya Piano

Miongoni mwa katuni za Tom na Jerry, zilizotengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema na kuingia katika televisheni ya CBS nchini Marekani mwaka 1965, hakuna inayodhihirisha ufundi wa kuchekesha kuliko The Cat Concerto ya mwaka 1947, iliyoongozwa na William Hanna na Joseph Barbera katika studio za MGM. Tom, paka aliyevalia koti jeusi lenye mkia, anaketi mbele ya hadhira kupiga Rapsodi ya Pili ya Kihungari ya Franz Liszt, huku Jerry akiwa amelala ndani ya piano juu ya nyundo, yaani vijiti vinavyogonga nyuzi ili zitoe sauti. Muziki unamrusharusha hadi anaamka, na vita vinaanza.

Uhasama wa paka na panya ni wa tangu na tangu, na peke yake haumchekeshi mtu kwa muda mrefu. Kinachoupa uhai hapa ni kwamba Tom, ambaye kwingineko hukimbia apendavyo, amefungwa na noti za Liszt na macho ya watu. Jerry anapombamizia kifuniko vidoleni, au anapotega mtego wa panya katikati ya vitufe, paka huyo hana budi kumeza maumivu na kuendelea kupiga. Na mikono inapokwenda kumsaka adui, miguu ndiyo inayoshika zamu.

Yote hayo yalitaka hesabu kali, kwa kuwa kila sekunde ya filamu ina fremu 24, yaani picha tuli zinazopita upesi mpaka jicho lione mwendo, na kuchelewa kidogo tu kungeua kicheko. Mtunzi Scott Bradley aliupanga muziki uende sambamba na kila pigo, nao wachoraji wakavifuata vitufe kwa subira ya ajabu, hata kidole cha Tom kikawa kinashuka pale pale sauti inapotokea.

Mwishoni Tom anaanguka hoi, na mwanga wa jukwaa unamwangukia Jerry, anayepokea makofi. Filamu ilishinda Oscar, ambayo kwa utaratibu wa siku hizo ilikwenda kwa mtayarishaji, Fred Quimby. Lakini waliovichora vidole vile ni Kenneth Muse, Ed Barge, Irven Spence na wenzao, na sifa kubwa ni yao.